Usitoboe Waya wa Pampu

Usitoboe waya wa boti kwa pini. Neno lenyewe nimeliweka mwanzo kabisa, ili hata ukiishia mstari huu ukaenda kuwasha jiko lako, uwe umelisikia. Pini ya kanga, sindano ya kushonea magunia, mwiba, msumari mdogo, vyote ni kitu kimoja. Waya ukishatobolewa umeshaumwa, hata kama damu huioni.

Utasema, huyu mama anatusumbua nini, boti zetu zinaelea. Hata Kamachumu ilikuwa inaelea.

Kamachumu ni boti ya Mutalemwa. Ni ya mbao, ndefu, injini ya dizeli, inaleta watu na magunia ya dagaa kutoka visiwani hadi kwenye mwalo wetu mdogo, pale zinapoegeshwa boti huku chini ya kilima cha Igogo. Yeye Mutalemwa ni Mhaya, akaipa boti jina la kwao, na ukimuuliza habari za boti atakueleza kwanza habari za migomba. Umeme wa boti ile wote aliufunga binti yangu Ng'washi. Taa nyekundu na kijani za mbele, taa nyeupe ya juu, honi, na pampu ya kutoa maji. Alisoma umeme chuoni miaka miwili, kisha akakaa miaka mitatu kwa fundi mmoja wa meli, mzee mkali asiyejua kusema "vizuri", mpaka akaelewa kwamba umeme wa majini si ndugu wa umeme wa nyumbani. Nyumbani waya ukilowa unasubiri jua likaushe. Majini hakuna kusubiri.

Hiyo pampu ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo nikueleze inavyofanya kazi. Boti ya mbao hainyimi maji njia. Yanaingia kidogo kidogo kwenye maungio, mvua nayo inaongeza, yote yanakwenda kukaa chini kabisa. Huko chini Ng'washi aliweka pampu ndogo na kiboya. Maji yakipanda, kiboya kinapanda, pampu inawaka yenyewe na kuyatema nje. Yakiisha, inalala. Jioni Mutalemwa anazima swichi kuu na kuondoka na ufunguo mfukoni, taa zinakufa, honi inakufa, lakini pampu haifi. Ina waya wake peke yake unaotoka moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi yake peke yake. Nilimuuliza kwa nini asiuzime na huo, betri ipumzike. Akaniambia, "Mama, maji hayaendi kulala."

Kwa hiyo katika boti nzima, swichi ikizimwa, waya wenye moto ni huo mmoja tu. Na mimi nilikuwa naujua.

Meza yangu ya chai ilikuwa kwenye gati, pale pale mkia wa Kamachumu unapofungwa. Chai ya rangi, maandazi, mihogo ya kuchemsha. Watu wanarudi ziwani alfajiri, simu zimezima, na wanunuzi wa dagaa wanapiga simu saa hizo hizo. Mtu akiwa na simu iliyokufa bei anaisikia kwa wenzake, imeshashuka. Ilikuwa desturi pale kwamba mwenye meza awe na namna ya kuchaji. Wengine walikuwa na sola. Sola yangu iliibwa kabla ya Krismasi, na wateja wakaanza kunikimbia.

Mwezi wa kwanza nikapanda sokoni Makoroboi nikanunua chaji ya gari yenye matundu manne. Waya wa pampu unatoka kwenye kasha la betri pale mkiani, ndani ya bomba la plastiki, na kabla haujashuka chini unatoka nje ya bomba kwa urefu wa kiganja. Kiganja kimoja tu. Nikachoma pini moja kwenye waya mwekundu, moja kwenye mweusi, nikafunga nyaya za chaji yangu kwenye pini, na simu nne zikawaka taa. Ukinywa chai yangu, simu yako inapata moto. Sikumtoza mtu chochote kwa hilo. Saa tano nachomoa pini, nazirudisha kwenye kanga.

Ng'washi alishasema nyumbani, zaidi ya mara moja, kwamba waya wa boti hautobolewi. Nilimsikia. Nilidhani neno lile ni la watu wengine, wale wasiokuwa mama yake. Na nilijua ni vibaya, kwa sababu vile vitobo nilikuwa naviziba kwa sabuni ya mche. Ndoo ikivuja kwangu naziba kwa sabuni, dumu likivuja sabuni, na waya nao sabuni. Mtu haoni aibu ya kitu kizuri hata akakipaka sabuni.

Hivyo ndivyo tulivyokwenda mpaka Aprili.

Usiku mmoja mvua ilinyesha tangu magharibi haikunyamaza. Asubuhi nashuka na birika langu kichwani, nakuta watu wamejazana gatini na hakuna anayeongea kwa sauti ya kawaida. Kamachumu ilikuwa imekaa chini kwa mkia, injini yote majini, pua tu imebaki juu imeelekea Igogo. Pale maji ni ya kifuani. Hakuna aliyekuwa ndani. Lakini asubuhi hiyo ilikuwa imekodiwa, iondoke saa moja na akina mama wa kwaya, watu thelathini na kitu, wanakwenda kuzika visiwani. Walikuwa wamesimama pale na vitenge vyao sare, wanaiangalia. Nikaweka birika chini, na jambo la kwanza nililoangalia halikuwa boti. Niliangalia kile kiganja cha waya.

Mwenyekiti wa mwalo, Mayala, aliitisha kikao hapo hapo kwenye banda la mizani. Wenye vyombo wote walikuja. Ng'washi aliitwa kwa simu, akaja na mfuko wake wa vifaa, suruali ya kazi, kichwa amefunga kitambaa. "Shikamooni," akasema. Waliomjibu marahaba niliweza kuwahesabu.

"Mwenyekiti, mimi nilisema," Nestory akaanza. Huyu Nestory ni fundi redio, na kabla ya Ng'washi boti zote alikuwa anafunga yeye, kwa waya wa nyumbani. "Nilisema siku ile. Msichana na betri ndani ya maji, wapi na wapi?"

"Nestory, boti uliyomfungia shemeji yako ukipiga honi taa zinazimika," mtu mmoja akasema kutoka nyuma.

"Zinazimika, lakini inaelea!"

Watu walicheka, hata wale waliokuwa wamenuna. Ng'washi hakucheka. Mayala akagonga mizani kwa funguo zake.

"Tusicheze. Kuna boti tano hapa zina umeme wa huyu binti. Moja imezama ikiwa imefungwa kamba. Mimi naona hivi: kuanzia leo asiguse chombo chochote kwenye mwalo huu, na hizo nne zilizobaki Nestory azifungue, aweke waya anaoujua yeye."

Hapo niliogopa. Si kwa ajili ya boti moja. Kazi ile ndiyo jina la mwanangu. Ukifukuzwa mwalo mmoja, huko gatini Kamanga watasikia kabla ya jua kuzama, na visiwani watasikia kesho. Hakuna atakayemwita tena.

"Naomba niufungue umeme kabla hamjaamua," Ng'washi akasema. "Dakika kumi."

"Mpe," Mutalemwa akasema. Alikuwa amekaa juu ya gunia, suruali imelowa hadi kiunoni, anaangalia chini. "Boti ni yangu. Mpe."

Akaingia majini na nguo zake, akarudi na pampu, na fyuzi, na waya wote aliouvuta ukiwa ndani ya bomba lake. Akaviweka juu ya meza ya mizani. Akainua fyuzi kwenye mwanga. "Nzima. Angalieni kauzi ka ndani." Ikapita mkononi kwa mtu na mtu. Akaomba betri ya bajaji iliyokuwa imeegeshwa pale, akatumbukiza pampu kwenye beseni la maji, akagusisha nyaya zake. Pampu ikanguruma ikatema maji moja kwa moja kwenye viatu vya Nestory.

"Pampu nzima," akasema Ng'washi. "Samahani, kaka Nestory."

"Hujasema samahani vizuri," yule mtu wa nyuma akadakia. "Rudia tena na pampu."

"Kwa hiyo ni waya," Mayala akasema. "Waya uliouweka wewe."

"Ni waya, ndiyo. Tuone umekufa wapi."

Akaanza kuupapasa kwa vidole kuanzia upande wa betri, polepole, kama mtu anayetafuta mwiba mguuni kwa mtoto. Kwenye kile kiganja vidole vikasimama. Akachukua kisu, akachana ganda. Ndani hapakuwa na shaba tena. Kulikuwa na unga wa kijani, ukamwagika mezani. Maji yaliingia kwa vile vitobo vyangu, siku baada ya siku, yakala waya kutoka ndani, na nje ganda limebaki jekundu zuri. Siku mvua ilipokuja, kiboya kilipanda kikaita, na hakuna kilichoitika.

Ng'washi akakwangua kitu cheupe kwenye ganda kwa ukucha. Akakinusa. Niliona mgongo wake ukikakamaa. Akainua macho, akapita Mayala, akapita Nestory, akanikuta mimi nimesimama mlangoni na birika langu. Hakuna nyumba nyingine Igogo inayoziba kila kitu kwa sabuni ya mche.

Kisha akawageukia wale watu akasema, sauti imetulia kabisa:

"Kosa ni langu. Hapa mwishoni nilitakiwa nifunike waya kwa bomba mpaka chini. Sikufunika."

"Mmesikia wenyewe," akasema Mayala. "Amekiri. Katibu, andika."

Nawaambia ukweli wa Mungu, kwa pumzi moja nilitaka anyamaze hivyo hivyo na mimi ninyamaze. Pumzi moja tu. Halafu nikaona katibu ameshika kalamu, ameandika "Ng", na mkono unaendelea.

"Katibu, usiandike."

"Mama Ng'washi, hiki ni kikao cha wenye vyombo. Kaa chini."

"Sikai."

"Mama, nyamaza," Ng'washi akaniambia kwa meno.

"Na sinyamazi. Waya nimeutoboa mimi. Kwa hizi." Nikachomoa pini mbili kwenye kanga yangu nikaziweka juu ya ule unga wa kijani. "Kila asubuhi tangu Januari. Nilikuwa nachaji simu. Vitobo nikaviziba kwa sabuni. Huyu hakujua. Alinikataza nyumbani nikamfanya hajui kitu."

Banda lilipiga kelele zote kwa pamoja. Mutalemwa akainuka kwenye gunia.

"Mama Ng'washi! Mimi? Chai yako nakunywa kila siku ya Mungu!"

"Na simu yako ilikuwa kwenye waya wa boti yako mwenyewe, baba, kila siku ya Mungu. Kwani ulidhani umeme ule unatoka kwenye birika?"

Wengine wakacheka, wengine wakaanza kuangalia miguu yao.

"Mwenyekiti, na yako. Ile yenye kioo kilichopasuka, yenye picha ya ng'ombe. Ukikuta matundu yamejaa unachomoa ya mtu unaweka yako. Na wewe Nestory, fundi mzima! Ulikuwa unaniambia, mama nichomekee na mimi. Hata siku moja hukuuliza nimechomeka wapi."

"Sasa unataka kusema sisi ndio tumezamisha boti?" Mayala alikuwa amesimama, mishipa ya shingo imetoka.

"Nasema mimi nilitoboa, ninyi mkachaji. Huyu hakufanya moja wala jingine. Liandike hivyo."

"Mama na mtoto nyumba moja. Hatuwezi kujua mlipanga nini. Katibu, wote wawili nje ya mwalo."

Hapo ndipo woga uliniisha. Sijui ulikwenda wapi. Mimi ni mtu wa kuogopa. Naogopa radi, naogopa hospitali, Ng'washi akichelewa nusu saa ninakwenda kusimama njiani. Lakini siku ile nilimsogelea Mayala mpaka nikanusa tumbaku yake.

"Mimi nifukuze. Meza yangu ichukue ukapikie. Lakini huyu humfukuzi kwa dhambi yangu. Umeona fyuzi, umeona pampu. Ukimtoa huyu ukamweka Nestory na waya wake wa nyumbani, boti zitazama bila hata pini yangu. Leo maji ya kifuani. Wale mama pale nje wangekuwa katikati ya ziwa saa hizi. Ukawaambie wewe nani atawafungia boti yao. Toka uwaambie, wanasubiri."

Hakutoka. Nje kulikuwa na Rebeka, mnunuzi wa dagaa, mwanamke mwenye sauti ya kuvuka maji. Akapitisha kichwa dirishani. "Mimi gunia langu halipandi boti ya Nestory. Andika na hilo."

Mutalemwa akaja mezani. Alichukua kile kisu mezani, akavuta waya uliokuwa bado ndani ya bomba, akaukata katikati. Akachana ganda. Ndani nyuzi zilikuwa zimepakwa bati, zinang'aa kama dagaa waliotoka majini sasa hivi. Akaenda mbele mkono mzima, akakata tena. Zinang'aa. Akakata mara ya tatu, hatua moja kutoka kwenye vitobo vyangu, zinang'aa. Waya ule alikuwa ameununua kwa hela yake na sasa anaukatakata kama muwa, na hakuna aliyemzuia.

"Waya huu hauna kosa," akasema. "Katibu, futa ulichoandika. Tutaivuta boti kesho, injini ikaushwe, na atakayefunga umeme ni Ng'washi."

Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Sifungi," Ng'washi akasema.

Katibu akaacha kufuta.

"Sifungi mpaka iandikwe kwenye daftari hilo kwamba waya wa pampu haushikwi na mtu. Awe mwenyekiti, awe mwenye boti, awe mama yangu. Asiyetaka hilo kwenye boti yake aseme sasa, nikatoe umeme wangu leo leo, azame na wa mtu mwingine." Akamgeukia Mayala. "Na boti zile nne nitazikagua mbele yenu, kila kiganja cha waya. Nikikuta kosa langu nitalisema kama nilivyolisema hili, na hili halikuwa hata langu lote."

Mayala akazungusha funguo zake mkononi. Mwisho akasema, "Andika," na hakumwangalia mtu.

"Bado moja," akasema mwanangu. "Meza ya mama iondoke gatini. Leo."

Nilikuwa nimejipanga kupigana na Mayala, na Nestory, na mwalo mzima. Kwa huyu sikuwa nimejipanga. Nikafungua mdomo. Akaniangalia kama anavyoangalia waya wenye mashaka, nikaufunga.

Meza niliibeba mwenyewe. Ngosha, kijana mwenye ile bajaji, alitaka kunisaidia nikamkatalia, nikaiweka kichwani, birika mkononi, nikapita katikati yao wote. Mmoja akaita, "Mama Pini!" Nikamjibu kwamba ndiye mimi, na kama ana pini aniletee sasa hivi nimwonyeshe pa kuichomeka. Wanaume wale walicheka na mimi sikuinamisha kichwa, kwanza kwa sababu ya meza.

Ng'washi alinifuata nyuma na mfuko wake, maji yanamtiririka. Tukatoka gatini kupanda kilima cha Igogo. Kisha akaanza.

"Watu thelathini, mama."

"Najua."

"Hujui. Ungejua usingeweka sabuni. Ulijua kwa sabuni, ukajifanya hujui kwa pini."

"Ng'wanawane, mwanangu, nimesema mbele ya watu..."

"Umesema leo. Januari ulikuwa wapi? Februari? Mimi nakuja hapo unanipa chai, nakuuliza Kamachumu iko salama, unaniambia salama. Kwa mdomo huo huo."

Majirani walikuwa wamesimama milangoni. Mke wa fundi viatu aliacha kufua kabisa, mikono ina povu. Ng'washi huwa anasema kwa sauti ya chini, siku ile alisema kwa sauti ya kuitia kivuko. Aliyataja yote, mwezi kwa mwezi. Angekuwa mtoto wa mwingine ningesema hana adabu. Mimi mwenyewe nilikuwa nimemwambia Mayala sinyamazi, na maneno yale nilikuwa bado nayo mdomoni, yangetosha na kwake. Nikayameza.

Kwa hiyo wewe mwenye meza gatini, wewe kijana wa boti, na wewe unayemtazama mwanao ukadhani onyo lake si lako: simu ikizima, iache izime. Bei utaisikia kwa wenzako.

Alinisema kuanzia gatini hadi mlangoni kwangu, watu wanasikia. Alipotaka kupunguza sauti kwa sababu ya mchungaji aliyekuwa anapita, nikamwambia aendelee, na huyo naye anapanda boti.